Mwaka Niliomletea Nafula Bonde

Mwezi uliopita nilialikwa Westlands kuzungumza na waandishi chipukizi, katika jumba moja la vioo ambalo lifti yake inakusalimia kwa sauti ya mwanamke asiyekuwepo. Walinipa maji ya chupa na kiti cha kuzunguka, nami nikazungumza kwa kirefu kuhusu mambo ambayo sijawahi kuyaelewa vizuri. Mwishoni msichana mmoja aliyeketi nyuma akainua mkono. “Madam, wewe inspiration unatoa wapi? Ni nature? Juu mimi nikikaa tu kwa nyumba siandiki kitu.” Wenzake wakacheka. Nikamjibu kwa utamu wa mtu mzima anayejua atapewa makofi: nikataja miti, mvua, ndege wa alfajiri, utulivu. Makofi nikapewa. Nilishuka na ile lifti nikiwa nimejichukia, na nilipofungua simu kwenye maegesho nikakuta ujumbe wa sauti kutoka kwa namba nisiyoijua. “Habari yako, auntie. Mimi ni binti ya Mwalimu Barasa. Baba ametuacha juzi. Alikuwa amesema wewe utafutwe, uambiwe.” Nilikaa kwenye gari nikilia mpaka mlinzi akaja kugonga dirisha kuuliza kama niko sawa. Sikuwa sawa. Mwalimu Barasa nilikutana naye mara mbili tu maishani, mara zote mbili katika chumba kimoja, mwaka mmoja. Na kama ningekuwa mkweli kwa yule msichana, ningemwambia kwamba kila kitu ninachokijua kuhusu kuandika kilitoka katika chumba hicho, na utulivu haukuwemo.

Chumba chenyewe kilikuwa Loresho, nyuma ya nyumba ya mawe ya mjane mmoja tuliyemwita Mama Ciru, karani wa benki aliyependa maua yake kuliko wapangaji wake. Kilijengwa kwa ajili ya mfanyakazi wa ndani, lakini Mama Ciru hakuwa na mfanyakazi, kwa hiyo tukakipata sisi. Kilikuwa na vitanda viwili, meza, jiko la mkaa tulilolitoa nje kuwashwa na kulirudisha ndani likishakolea, na dirisha dogo lililowekwa juu kabisa karibu na dari, kana kwamba aliyejenga aliogopa mfanyakazi asije akaona kitu. Ukilala kitandani uliona kipande cha mbingu na ukingo wa ukuta wa jirani wenye vigae vya chupa, basi. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nafula, niliyeishi naye, alikuwa anakaribia thelathini. Tulifanya kazi pamoja katika kampuni ndogo ya uchapishaji Westlands, yeye akipanga kurasa, mimi nikisaka makosa ya chapa. Nafula alikuwa mtu wa kutembea. Jioni, wakati sisi wengine tulipojipanga kituoni, yeye alikata kupitia bondeni, akafuata kijito kinachopita chini ya Loresho, akapanda upande wa pili kwenye kahawa iliyokuwa bado haijang'olewa kupisha majumba, akafika nyumbani na tope hadi kwenye magoti na njaa ya mtu aliyelima. Kisha mgongo ukaanza kumuuma. Alisema ni kile kiti cha ofisini. Mwaka ulipoanza hakuweza tena kuketi, na hospitalini wakatuambia ni saratani, imeshaingia kwenye uti wa mgongo. Walitupa vidonge vya maumivu, na daktari, kijana mwenye macho mekundu ya uchovu, akaniambia mimi badala ya kumwambia mgonjwa, “Mkimpeleka nyumbani itakuwa vizuri.” Alimaanisha nyumbani kwao, magharibi. Nilimrudisha Loresho.

Sasa, mimi wakati huo nilikuwa mwandishi. Hivyo ndivyo nilivyojiita, ingawa nilikuwa sijaandika kitu ambacho mtu alikuwa amekitaka. Niliamini kwamba nilichokosa ni ilhamu, na kwamba ilhamu iko nje, kwenye miti, inangoja mtu mwenye kalamu. Jumamosi nilikuwa nikishuka bondeni na kuketi juu ya jiwe nikijitahidi kuonekana kama mtu anayepata ilhamu. Nafula alipokuwa mzima aliwahi kunipita pale akauliza, “Wewe unangoja nini hapo, basi?” Baada ya kulazwa kitandani aliacha mzaha huo. Jioni ya kwanza niliyotoka kazini kwa miguu, nikiwa nimekosa gari, aliniangalia viatu. “Umepitia wapi?” Nikamwambia bondeni. “Kukoje?” Nikaona nafasi yangu imefika. Nilikuwa nimeandika ukurasa mzima wakati wa chakula cha mchana, kabla hata sijaliona bonde lenyewe siku hiyo, nikamsomea kwa sauti ya redio: jua likizama magharibi mithili ya sahani ya dhahabu, upepo mwanana ukipepea, ndege wakitumbuiza kwa nyimbo nyororo, maji maangavu yakitiririka kwa madaha. Nafula akaanza kucheka. Kucheka kulimuuma, akawa anacheka na kulia na kushika godoro kwa mikono miwili. “Wewe Muthoni, hiyo ni insha ya darasa la nane! Upepo mwanana umeuona wapi na mvua imenyesha tangu saa nane?” Nikamwambia nimeuweka kwa ajili ya uzuri. Akaacha kucheka. “Mimi sitaki uzuri. Mimi nimelala hapa naangalia dari. Si uniambie tu kuko aje.”

Mtu asiyesomea Kenya huenda asielewe jinsi maneno hayo yalivyonichoma. Sisi tulifundishwa Kiswahili kama watu wanaopamba keki. Mwalimu aliandika mapambo ubaoni, tukayanakili, tukayakariri, na siku ya mtihani tukayamwaga yote hata kama kichwa cha insha kilikuwa ajali ya barabarani. Mtoto wa Kiambu ambaye hajawahi kuona bahari aliandika kuhusu mawimbi na minazi, akapewa alama za juu, na mimi ndiye niliyekuwa mtoto huyo. Nilikuwa hodari. Insha zangu zilisomwa mbele ya darasa. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nilichokiandika kilikuwepo. Nilimnunia Nafula jioni nzima. Nilipika ugali na omena bila kusema neno, nikamlisha bila kusema neno, na kumlisha mtu aliyelala chali huku umemnunia ni kazi ngumu, kwa sababu lazima umwangalie mdomo. Mwishowe alisema, mdomo umejaa, “Kesho upite tena. Uangalie halafu uniambie. Usiandike kwanza.”

Basi nikapita tena, na kesho yake, na wiki baada ya wiki mpaka mvua za masika zikaja. Mwanzoni sikuwa naona kitu. Nilirudi nikasema kuna miti, na Nafula akasema, “Wacha.” Nikasema kuna ndege mkubwa mweusimweusi amepiga kelele, nikataka kumwambia sijui jina lake. “Hata mimi sijui jina lake. Alikuwa anafanya nini?” Nikalazimika kukumbuka kwamba alikuwa anatembea kwenye nyasi za mtu, akichoma mdomo mrefu ardhini na kuuchomoa, na kwamba alipoona mimi namwangalia aliondoka kwa miguu, hakuruka, kama mtu anayekwepa mdai. “Eeeh,” akasema, akafumba macho. “Huyo namjua.” Nilijifunza kuuangalia uso wake. Nikisema jambo lililokuwepo, paji la uso lililegea. Nikitia chumvi, lilikunjamana, na maumivu yalirudi haraka. Siku moja nilimweleza kijito chote, mawe, nduma zilizopandwa kando na majani yake mapana, mwanamke aliyekuwa anazichimba huku amejifunga gunia kiunoni, na nilijiona nimefaulu kweli. Nafula akangoja. “Na harufu?” Nilikuwa nimeiacha. Kijito kile kilikuwa kinapokea maji machafu ya nyumba zote za juu, zile zenye kuta na mbwa na watunza bustani, na povu lake lilifika magotini. Kulikuwa na mbwa aliyekufa pale chini ya daraja la miti tangu wiki iliyotangulia, nilimpita kila siku nikiwa nimeziba pua. Nikamweleza mbwa. Nikamweleza jinsi alivyovimba, na jinsi yule mwanamke wa nduma alivyokuwa anachimba hatua chache tu kutoka hapo akiimba wimbo wa kanisani. “Sasa nimefika,” Nafula alisema.

Watu wakinisoma leo husema naandika kwa ukavu. Mkosoaji mmoja aliandika kwamba mazingira katika vitabu vyangu hayana huruma. Nilitaka kumwandikia nimwambie kwamba mazingira hayo yaliandikwa kwa ajili ya mtu mmoja ambaye hakuwa na nguvu za kusikiliza neno la ziada. Kufikia Mei Nafula alikuwa anaweza kusikiliza muda mfupi tu kabla maumivu hayajamchukua. Nilipanda ule mlima kutoka bondeni nikichagua: hiki nitamwambia, hiki hapana. Kama nimeona kima wawili wakiiba parachichi za Mama Ciru na ukungu umeshuka hadi kwenye kahawa, nilijua nafasi ni ya kimoja. Nilichukua kima, kwa sababu Nafula alimchukia Mama Ciru.

Mimi sikumchukia Mama Ciru, ingawa nilimwogopa. Alituletea githeri Jumapili kwenye bakuli lenye kifuniko, akaliacha mlangoni bila kuingia. Alilalamika kuhusu omena, kwamba harufu yake inaingia kwenye mapazia. Na alikuwa na chama chake cha akina mama wa kanisa, waliokutana sebuleni kwake na kunywa chai jikoni baadaye, na bomba tulilotekea maji lilikuwa chini ya dirisha hilo la jikoni. Siku moja nilikuwa nimeinama hapo na ndoo nikamsikia akisema, “Nimewaambia huyo msichana apelekwe kwao. Si roho mbaya. Sasa anaweza kubebwa, akalazwa kwa basi, afike. Akishakufa hapa ni jeneza, ni gari, ni kamati, ni watu kulala kwa hii compound yangu.” Mwingine akasema ni kweli, kwao hata binamu yake aliondolewa Nairobi akiwa bado anaongea, na alifika akakufa vizuri. “Akakufa vizuri,” walirudia, na vikombe vikagongana na visahani. Hilo si jambo la Mama Ciru peke yake. Jijini hapa watu hawazikwi, wanafanya kazi tu; mtu akiona mgonjwa wake hawezi kupona, anahesabu haraka kama bado anaweza kusafiri akiwa abiria. Nilirudi na maji nikamkuta Nafula ananitazama. Dirisha lile la juu lilikuwa halionyeshi kitu, lakini sauti liliingiza zote.

Hapo ndipo aliponieleza. Ndugu yake, Mwalimu Barasa, alikuwa ameandika kwamba angekuja shule zikifungwa mwezi wa Agosti, amchukue. Kufa hakukumtisha tena. Tulikuwa tumeshalizungumza, kwa njia yetu ya kuzungukazunguka. Kilichomtisha ni mahali. Katika ukoo wao, binti mtu mzima aliyekufa bila kuolewa hazikwi ndani ya boma la baba yake. Anatolewa nyuma, anazikwa nje ya uzio, upande ambao hakuna nyumba inayoutazama, ili asiwaletee mikosi waliobaki. Nafula alikuwa na shangazi huko. Akiwa mdogo walikatazwa kucheza karibu naye. “Hakuna mtu huwa anaenda,” aliniambia. “Nyasi tu. Mimi nimefanya kazi, nimesomesha watu wa hilo boma, halafu nitupwe huko kama paka.” Nikamwambia basi abaki, tutamzika Lang'ata. Akaniangalia kwa huruma. “Lang'ata nani atanijua, Muthoni? Wewe pekee?” Alitaka kuzikwa ndani. Alitaka mahali kando ya jiko la mama yake, jiko la nje lenye moshi, ambako watu hukaa jioni na kuongea upuzi. Hilo ndilo alilokuwa anamngojea ndugu yake amwambie, ndiyo au hapana, na kila nilichomletea kutoka nje mwaka ule kilikuwa cha kupitishia muda mpaka ajibiwe.

Julai ilikuwa ya baridi iliyoingia kwenye mifupa yetu sote, na yake ilikuwa tayari imeliwa. Vidonge havikutosha tena. Nilitumwa katikati ya jiji, kwa mwenye duka la dawa mmoja nyuma ya Barabara ya Tom Mboya ambaye alikuwa na zile za nguvu, na Nafula akaniambia, huku ameuma shuka, “Na uniletee town.” Nilikaa bustani ya Jeevanjee kwenye benchi lenye unyevu, dawa nimezifumbata kifuani, nikaangalia. Mhubiri alikuwa anawapigia kelele watu waliolala. Mwewe alishuka kutoka kwenye mti, akanyakua andazi mkononi mwa mwanamume aliyevaa tai, na yule mwanamume akabaki ameuinua ule mkono mtupu, asijue la kufanya nao mbele za watu. Nilijua papo hapo kwamba hilo ndilo nitakalobeba. Sikuhisi ilhamu yoyote. Nilihisi haraka na hofu ya kulisahau, na hofu kubwa zaidi ya kumkuta amekufa kabla sijamwambia. Nimeandika kwa hisia hiyohiyo tangu siku ile na sijawahi kupata nyingine. Nilimkuta hai. Nilipomwambia kuhusu mkono ule uliobaki juu, alitabasamu nusu ya mdomo. “Maskini,” alisema. “Na alikuwa amevaa tai.”

Mwalimu Barasa akafika Agosti, asubuhi yenye manyunyu, akiwa na koti kubwa la suti na kofia aliyoivua mlangoni. Alikuwa mwanamume mrefu, mpole, mwenye Kiswahili cha vitabuni hata alipokuwa anaomba maji. Alinishukuru kwa aya nzima. “Dada, wewe umekuwa zaidi ya ndugu, umekuwa nguzo na ngao, Maulana ndiye atakayekulipa.” Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa kwa sababu kiti kilikuwa na nguo za mgonjwa, akamshika dada yake mkono, na nikaona anajizuia asiangalie jinsi mkono ule ulivyobaki mifupa. Niliwapikia chai ya maziwa. Nilitaka kutoka nje nikaambiwa na Nafula nikae. “Nitaenda,” alimwambia ndugu yake. “Lakini kwanza uniambie mtaniweka wapi.” Mwalimu akaanza kusema haifai kuzungumza mambo hayo, Mungu ni mwema. “Mwalimu. Niambie.” Chai yake ikafanya utando. Kisha akasema, kwa Kiswahili kifupi ambacho sikujua anacho, “Nitakuweka karibu na jiko la mama.” “Ndani?” “Ndani.” “Umeniapia?” “Nimekuapia.” Alikuwa anamaanisha. Nilimwangalia uso kama nilivyofundishwa na Nafula, na nasema hadi leo kwamba yule mtu alikuwa anamaanisha. Nafula akafumba macho, paji lake likalegea.

Walimbeba kesho yake asubuhi, wakamlaza juu ya godoro nyuma ya pikapu ya jirani, ili wampeleke kwenye basi lililokubali kumpokea akiwa amelala. Mama Ciru alisimama varandani na leso mdomoni, analia kweli. Mimi niliketi nyuma pamoja na Nafula, nikamfunika kichwa kwa shuka dhidi ya manyunyu, lakini aliitoa ile shuka machoni. Tangu Januari hakuwa ameona nje. Tulipotoka getini na kushika barabara nikamuuliza anaona nini, kwa sababu yeye alikuwa chali na mimi nimekaa, tulikuwa tunaona vitu tofauti. Alifikiri. “Nyaya,” alisema. “Nyaya tu, na hii mvua inaniingia kwa macho.” Halafu, tulipopita mahali bonde linapokaribia barabara, akasema, “Waambie waende polepole,” nami nikagonga paa la gari, na dereva akapunguza mwendo, na nyuma yetu magari ya watu wa Lavington na Westlands waliochelewa kazini yakaanza kupiga honi.

Habari ilikuja kwa simu ya Mama Ciru kabla ya mwezi kwisha, na ilipofika walikuwa wameshamzika, kwa sababu huko hakukuwa na mahali pa kumhifadhi na joto lilikuwa kali. Mama Ciru alikuja mwenyewe hadi chumbani, mara yake ya kwanza kuingia, akaketi kwenye kitanda cha Nafula na kusema, “Pole, mwanangu,” na tukakaa hivyo. Sikushuka bondeni tena kwa muda mrefu. Nilijaribu mara moja. Kila kitu kilikuwa pale, povu na nduma na yule mama wa gunia, na mimi nilikuwa nakiangalia na kukichagua kwa mazoea, hiki nitamwambia, hiki hapana, mpaka nikageuka na kurudi kupitia barabara kuu.

Mwalimu alirudi Desemba kuchukua vitu vya Nafula. Vilikuwa vichache: sanduku, blanketi, viatu vile vya kutembelea ambavyo tope lake sikuwa nimelitoa. Aliketi kwenye kiti safari hii. Alikuwa amekonda. Nilimpa chai na nduma za kuchemsha, akala kwa adabu, na nikamwomba anieleze mazishi, kwa kuwa sikufika. Akaweka kikombe chini na kunyosha mgongo kama mtu aliye mbele ya darasa. “Dada, marehemu alipewa heshima zote alizostahili. Umati ulifurika si haba. Sasa amelala mahali pa raha mustarehe, chini ya mti wenye kivuli murua, ambapo upepo hupepea na ndege hutumbuiza kutwa kucha.” Mimi nilikuwa mwanafunzi bora wa Kiswahili hicho. Nilijua hutumika lini.

“Mti gani, Mwalimu?” nikauliza.

“Mti tu. Wa kivuli.”

“Mimi sikufika. Sitaki uniambie palivyo pazuri. Niambie kilichoko. Ukisimama pale alipo, mkono wa kulia kuna nini?”

“Kuna njia.”

“Ya magari?”

“La. Ya miguu. Inateremka kwenye chemchemi.”

“Na kushoto?”

“Miwa. Miwa ya jirani.”

“Na jiko la mama yenu, ukiwa hapo, unaliona upande gani?”

Nje Mama Ciru alikuwa anamwagilia maua yake, tukasikia maji yakipiga majani. Mwalimu Barasa aliutazama mlango kana kwamba anangoja mtu aingie amwokoe. “Halionekani,” alisema. “Uzio unaliziba.”

Nilitaka kumpiga. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilitaka kumpiga kofi mwalimu wa watu, mgeni, mfiwa. Naye aliona, wala hakujikinga. “Wazee walikataa,” alisema. “Niliwaambia nimeapa. Wakaniuliza nimeapa juu ya ardhi ya nani. Nilisimama pale tangu asubuhi nikibishana nao, na shimo la nyuma likaendelea kuchimbwa.” Nikamuuliza kama Nafula alijua. Alisugua magoti kwa viganja. “Siku ya mwisho aliniuliza tena. Wazee walikuwa wameshaniambia. Nikamwambia jiko liko pale, karibu, atakuwa anasikia watu wakiongea. Nilimwambia vizuri sana. Aliniangalia usoni. Kisha akafumba macho, hakuuliza tena.”

Hatukulia. Nakumbuka nilimenya nduma nyingine nikamwekea kwenye sahani, na yeye hakuigusa. Ningeweza kuachia hapo. Lakini mimi nilikuwa nimebaki na desturi moja tu kutoka mwaka ule, nayo haikuniacha hata wakati huo, wala haijaniacha, na kama yule msichana wa Westlands angeniuliza leo ningemwambia ni hiyo. Nikamuuliza nini kingine kiko hapo. Alifikiri kwa muda mrefu, safari hii akiangalia kweli, macho yake yamekwenda huko.

“Mama,” alisema. “Mama yuko hapo. Tulimjengea tangi la maji ya mvua mwaka jana, pale mlangoni kabisa, asihangaike na miguu yake. Lakini tangu Agosti, kila asubuhi, anachukua mtungi na kushika ile njia ya chemchemi. Anachelewa kurudi. Ukimuuliza anasema alikwenda kuteka maji.”

Alichukua kofia yake, akaizungusha mikononi.

“Maji tunayo, dada,” alisema. “Tangi limejaa.”